Walinzi wa Friza

Mkabala na lango la hospitali, kwenye kibaraza cha karakana ya kutengeneza majokofu, kuna benchi ambalo si benchi. Ni friji bovu lililolazwa chali, mlango umechomelewa usifunguke tena, na juu yake zimetandikwa mbao mbili na kipande cha zulia. Hapo ndipo wanapokaa wenyewe, tangu jua likiwa la kuota hadi linapowafukuza upande wa pili wa kibaraza. Kijiwe hiki hakijawahi kushindwa na swali. Ukitaka kujua kwa nini ndege haianguki, kwa nini saruji imepanda bei au kwa nini mke wa jirani kanuna, utapewa majibu manne kabla kahawa haijapoa, na yote manne yatatolewa kwa sauti ya mtu aliyekuwepo. Kukosea wanakosea, tena sana. Kunyamaza ndiko wasikokuweza.

Asubuhi hiyo Fundi Baridi, mwenye karakana, hakukaa nao. Alisimama mbele yao amevaa shati la kutokea na glavu nene za kazi, akafanana na bwana harusi anayekwenda kubeba mizigo. Mkononi alikuwa na boksi la barafu, lile la mfuniko mzito.

— Jamani, nisikilizeni. Leo mke wangu anawekewa dripu. Kofia zake zimo humu ndani, kwenye friza. Kila nusu saa nitakuja kuchukua moja, nampelekea, naileta ile iliyokwisha baridi. Ninachoomba ni kimoja tu. Friza lile asilifungue mtu.

— Sisi tupo, alisema Wakili.

Wakili hakuwa wakili. Alikuwa tarishi wa mahakama mpaka alipostaafu, akaondoka na maneno yote aliyoyasikia akiwa amesimama mlangoni. Kila jambo kijiweni lilipita kwake kwanza, apende mtu asipende.

— Ondoa wasiwasi, aliendelea. Kuanzia sasa hilo friza liko chini ya ulinzi. Atakayelisogelea atatueleza ametumwa na nani.

— Kofia za kwenye friza? aliuliza Singa. Mimi nilivyoona unahangaika na hilo dude wiki zote hizi nikajua utafungua biashara ya aiskrimu.

Singa alikuwa fundi cherehani. Jina la nywele laini alipewa kwa sababu hakuwa na hata moja, kichwa chake kiling'aa kuanzia paji hadi kisogoni, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kulicheka.

Fundi Baridi aliitazama saa yake, akaamua kueleza, kwa sababu alijua asipoeleza wataeleza wao.

— Nesi kaniambia hivi. Hii dawa ya kansa ikiingia kwenye damu inaua kila kinachokua haraka. Ule uvimbe unakua haraka, na nywele zinakua haraka. Dawa haina macho ya kuchagua. Sasa kichwa kikiwa cha baridi sana, mishipa midogo ya pale juu inajikunja, damu inapita kidogo, na dawa inafika kidogo. Anavaa kofia kabla ya dripu, anakaa nayo wakati wa dripu, na dripu ikiisha bado anaendelea kuivaa saa kadhaa. Kofia ikipata joto unambadilishia nyingine. Wodini kofia hizi za jeli wanazo, friza la kufikia baridi hiyo hawana. Ndiyo nikatengeneza hili.

— Na nywele zitabaki? aliuliza Buli, muuza kahawa, akimimina bila kuangalia kikombe.

— Hakuna uhakika. Wengine zinabaki, wengine zinapungua, wengine zinaondoka zote. Ila kofia ikikosa baridi, hata hiyo bahati nasibu hujaingia.

Rubani alikuwa amelala nusu juu ya pikipiki yake. Aliitwa Rubani kwa sababu ya mwendo aliodai kuwa nao barabarani, ingawa pikipiki hiyo watu waliizoea ikiwa imeegeshwa. Akainua kichwa.

— Fundi, usinielewe vibaya. Mtu anapigania roho yake. Nywele ni kitu gani? Si zitaota tena?

Fundi Baridi alijua swali hilo litakuja. Lilishamjia yeye mwenyewe, usiku, na aliliona la maana mpaka alipomuuliza mkewe.

— Tunaishi na mama mkwe, alisema. Mnamjua. Dada yake mkubwa mke wangu aliugua ugonjwa huu huu. Watu wazima wakakaa, wakaamua mama asiambiwe, atakufa kwa presha. Basi yule bibi alikuwa anafagia chumba cha mwanawe kila asubuhi. Siku moja akakuta nywele kwenye ufagio. Siku ya pili zikawa nyingi zaidi. Hakuuliza mtu. Alizikusanya, akazifunga kwenye kitambaa, na siku tunarudi kutoka kuzika ndipo akakitoa. Sasa huyu wa pili tumemwambia anakwenda kliniki ya presha. Anafagia bado, hamwachii mtu ufagio. Mke wangu anasema ugonjwa ataubeba, sindano atazibeba, lakini hawezi kumwona mama yake ameinama na ufagio akaacha kufagia.

Rubani aliketi wima juu ya pikipiki yake.

— Nenda, kaka, alisema Rubani kwa sauti nyingine. Tuko hapa. Hata nzi hataligusa.

Fundi Baridi aliingia karakanani. Mfuniko wa friza alikuwa ameuandika kwa chaki: USIFUNGUE. Ukutani, juu ya meza ya vyuma, lilining'inia kufuli kubwa pamoja na ufunguo wake. Alilitazama. Alinyoosha hata mkono. Kisha akawaza: watu wamekaa hapo nje wananilindia, halafu nawapigia kufuli machoni pao, si matusi hayo? Akauacha mkono ukashuka. Alitoa kofia ya kwanza, ngumu, nyeupe kwa umande ulioganda, akaitia kwenye boksi na kuvuka barabara.

Ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa mbaya. Nesi alimlowesha mgonjwa nywele, akamwekea shashi kwenye paji la uso ngozi isiungue kwa baridi, akamfunga kofia mpaka chini ya kidevu. Mkewe hakulia kwa sauti. Alimshika mumewe kidole kimoja tu na kukibana mpaka kikapoteza rangi, machozi yakimtoka yenyewe.

— Vumilia mwanzo, dada, nesi alisema. Kichwa kikishakufa ganzi utapumua.

Mdogo wa kike wa mkewe, aliyekuwa nao katika siri ya kumficha mama, alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda na simu mkononi. Mama alikwishapiga mara moja kuuliza kliniki ina foleni gani leo.

Fundi Baridi aliporudi kuchukua kofia ya pili, kijiwe kilikuwa kimechemka.

— Hii dawa ni dalali wa mahakama, Wakili alikuwa akisema. Imepewa amri ya kukamata kila kinachokua. Inapita nyumba kwa nyumba. Ikifika kichwani inabisha hodi, inakuta baridi imefunga mlango. Dalali habomoi mlango bila kibali. Inapita zake.

— Inapita kwenda wapi? aliuliza Buli.

— Kwa majirani. Shingoni huko, mabegani.

— Mabegani kuna nini cha kukamata?

— Ndiyo maana inarudi mikono mitupu. Kesi imefungwa.

— Wewe unaleta mahakama kwenye mambo ya injini, alisema Rubani. Injini ikizimwa, ikapoa, haili mafuta. Basi. Kichwa kikipoa hakili dawa. Mambo mepesi mnayafanya mazito. Si hivyo, Fundi?

— Wakili yuko karibu kidogo, alijibu Fundi Baridi kutoka ndani. Mshale wa kipimajoto ulikuwa pale pale alipouacha. Alichukua kofia, akafunga, akaukandamiza mfuniko kwa kiwiko.

— Umesikia? Wakili akamwambia Rubani. Mahakama imeamua.

— Amesema karibu. Karibu si kufika.

— Msilifungue, Fundi Baridi alisema akipita.

— Fundi, unatuvunjia heshima sasa, alisema Singa. Sisi ni watoto?

Akaona haya kidogo, akavuka barabara.

Alipokuja mara nyingine jua lilikuwa limepanda na lami imeanza kutoa mvuke. Shati la kutokea lilikuwa limemgandia mgongoni. Kijiweni zamu ilikuwa ya Singa, amesimama katikati, mkono mmoja kiunoni, na kichwa chake kinang'aa kuliko kawaida.

— Watu wa nchi za theluji kwa nini wana ndevu hadi kifuani? Nijibuni. Ni baridi. Unywele ukiona baridi unaishika ngozi kwa kucha. Ukiona joto unalegea. Mimi nimekaa na pasi ya mkaa mbele ya uso tangu ujana. Nywele zangu hazikung'oka, jamani. Zilihama.

— Zilihamia wapi?

— Mgongoni. Mke wangu ni shahidi.

— Shahidi ana maslahi kwenye kesi, alisema Wakili. Tunamkataa.

— Kwa hiyo mtu akikaa na baridi ile kichwani kila siku zinaweza kurudi, Singa alisema, nusu akiuliza. Hata kidogo tu. Hata za pembeni.

— Wewe muda wako wa kukata rufaa umepita.

— Mimi ninachokiogopa ni ubongo, alisema Buli. Nyama ukiigandisha, ukija kuiyeyusha haiwi ile ile. Shemeji anaweza kuvuliwa hizo kofia akawa hamjui Fundi ni nani.

— Basi atakuwa amepona kabisa, alisema Rubani, na benchi zima likacheka, na Fundi Baridi akajikuta naye anacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu alfajiri.

— Kunywa maji kwanza, Fundi, Buli alimwambia akimnyooshea glasi. Utaanguka barabarani tuanze kubeba wagonjwa wawili.

Aliinywa yote akiwa amesimama. Maji yalikuwa ya baridi, ile baridi ya kuuma meno na kushuka kifuani mpaka unasikia yanapopita. Alifumba macho. Akasema asante, tena kwa moyo, akarudisha glasi na kuingia ndani.

Mshale ulikuwa umesogea kidogo. Ni mimi, aliwaza, nafungua na kufunga tangu asubuhi, lazima upande. Alichukua kofia haraka haraka, kwa glavu nene ambazo hazihisi kitu, akafunga mfuniko, akakimbia.

Safari iliyofuata mshale hakuutazama. Alikuwa amechelewa, nesi alishamwambia kuchelewa ni kubaya kuliko yote, na mkono wake ulijua kofia ziko wapi bila macho. Nje walikuwa wamefika kwenye mawigi. Alisikia nusu tu: Wakili anauliza kama kuna aliyewahi kuona nywele zimetupwa kwenye jalala la hospitali, na kama hazitupwi basi zinakwenda wapi, na kama hakuna ajuaye basi yeye anajua.

Na hiyo ndiyo kofia ambayo mkewe, baada ya kufungwa nayo mpaka kidevuni, alifumbua macho, akamtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

— Hii afadhali, alisema. Hainiumi kabisa.

Fundi Baridi alitabasamu naye. Ganzi, aliwaza. Nesi alisema kichwa kitakufa ganzi, na kimekufa. Alimgusa mkewe shavu. Dripu ilikuwa imefika nusu. Chini ya kofia, nyuma ya sikio, kulikuwa na nywele zilizochomoza, nyeusi, zimelowa, na alizitazama kama mtu anavyotazama mali yake iliyookolewa motoni.

— Nenda kapumzike kidogo, mkewe alimwambia. Umechoka kuliko mimi.

Akaenda. Na alipofika kijiweni, akakaa. Walimsogezea nafasi katikati, pale penye zulia.

— Habari za huko?

— Amesema haimuumi tena.

— Si nilisema, alisema Rubani, ingawa hakuwa amesema.

Walimpongeza. Wakili alimshika bega. Buli alimmiminia kahawa bila kuulizwa, akamwekea na glasi ya maji pembeni, kahawa chungu haiendi peke yake. Fundi Baridi aliegemea ukuta wa karakana yake. Nyuma ya ukuta huo friza liliunguruma, na aliusikia muungurumo wake ukiwa mrefu kuliko kawaida, bila kupumzika, mashine inayofanya kazi kwa bidii. Sikio la fundi lilisikia. Moyo wa mume ulikuwa umeshiba, ukaliambia sikio liache.

— Hapa tulipofika, Wakili alimweleza, ni kwamba hospitali zinazikusanya hizo nywele, zinasafirishwa, zinarudi mawigi. Ndiyo maana hawaleti friza. Nani anajitilia mchanga kwenye biashara yake?

— Na hayo mawigi, Rubani alidakia, mwanamke akiyavaa anaota ndoto za mwenye nywele. Nilimbeba abiria mmoja, kavaa wigi refu hivi, njia nzima ananielekeza nyumba ambayo si yake.

— Hiyo ilikuwa pombe, alisema Buli.

— Pombe haijui mtaa.

— Nyie mnacheza na nywele, alisema Singa. Mimi nimeona mbali. Baridi ikiweza kuzuia nywele zisianguke, inaweza kuzuia chochote. Meno. Ngozi. Mtu mzima mzima. Hawa wakubwa wetu mnafikiri usiku wanalala wapi? Wanalala kwenye mafriza. Ndiyo maana miaka inapita, wao hawazeeki wala hawastaafu.

— Asubuhi wanatolewa?

— Wanatolewa, wanaanikwa kidogo, wanaenda kuhutubia. Ndiyo maana hotuba zao zinaanza polepole.

Fundi Baridi alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye goti. Akasema kama ni hivyo basi lazima kuna fundi anayeyatengeneza hayo mafriza, na huyo fundi si ndugu yake wa kuzaliwa bali wa ufundi, amtafute. Akainua glasi ya maji akanywa nusu. Alijisikia mwepesi. Kwa muda huo mfupi alikuwa mtu wa kijiweni tena, mtu mwenye jibu.

Ndipo alipomwona shemeji yake, yule mdogo wa mkewe, akivuka barabara. Hakungoja gari lipite. Dereva mmoja alipiga honi na yeye hakugeuka.

— Shemeji, alisema alipofika, akihema. Kofia hii vipi?

— Vipi kivipi?

— Nesi ameishika. Anasema ni laini. Anasema haikutakiwa kuwa laini hivi. Ameuliza imetoka kwenye friza au imetoka kwenye ndoo ya maji.

— Si amesema haimuumi?

— Ndiyo hivyo, shemeji. Ndiyo maana haimuumi.

Fundi Baridi alisimama. Glasi alisahau kuiweka chini, akaingia nayo ndani.

Maandishi ya chaki kwenye mfuniko yalikuwa yamefutika upande mmoja, ule upande mtu anaposhika ili kuinua. Aliinua. Hakuhitaji kipimajoto, lakini alikitazama, na mshale ulikuwa umepanda mpaka mahali ambapo mteja huleta friji na kusema halishiki baridi. Kwenye sakafu ya friza, katikati ya ule umande mweupe ulioganda, kulikuwa na duara. Duara safi, la ukubwa wa kitako cha chupa. Kando yake kulikuwa na alama ya vidole vilivyokwangua barafu. Kofia mbili ambazo zilikuwa hazijatumika alikuwa ameziacha zimepangwa, mikanda imefungwa kwa ndani. Moja ilikuwa bado imefungwa. Nyingine mkanda ulikuwa wazi, umenyooshwa kwa kipimo cha kichwa kikubwa, na ndani yake, pale panapokaa utosi, palikuwa na unyevu.

Aliibonyeza kwa kidole kitupu. Iliingia ndani kama unga uliokandwa.

Alijua hesabu ya kazi yake. Friza lile lingehitaji mpaka jioni kurudi lilipokuwa asubuhi. Dripu haikuwa ya kungoja jioni, ilikuwa inashuka tone kwa tone kwa mkewe aliyekuwa amefurahi kwamba hasikii maumivu. Damu ilikuwa inapanda kichwani bila kizuizi, imebeba kila kitu. Na asubuhi moja, si wiki hii, labda hata wiki ijayo isiwe, mama mkwe atainama na ufagio wake.

Nje alimsikia Buli, na sauti ya Buli ilikuwa ya upole wa kweli, ya mtu anayemhudumia mgeni.

— Kaa kwanza, dada. Umekimbia kwenye jua hili. Kunywa maji.

Fundi Baridi alitoka, akasimama mlangoni.

Shemeji yake alikuwa amepokea glasi kwa mikono miwili. Aliipeleka mdomoni, akaishusha kabla hajanywa. Akaitazama. Halafu akaitazama chupa iliyokuwa imesimama miguuni pa Rubani, kwenye kivuli cha benchi. Ilikuwa chupa kubwa, imetoa jasho mwili mzima, na ndani yake kipande cha barafu kilikuwa kinaelea kikigonga plastiki. Jua lilikuwa utosini. Mtaa mzima hapakuwa na duka lenye friji la kugandisha maji namna hiyo, na kila aliyekaa hapo alilijua hilo, kwa sababu juzi tu walikuwa wamelijadili kutwa.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

— Haya maji ya baridi mmeyatoa wapi?

Rubani aliigeukia pikipiki yake, akaanza kufuta kioo cha pembeni kwa kidole gumba. Wakili alifungua mdomo, na maneno ya mahakama, yote aliyoyabeba miaka yote ile, hayakuja hata moja, akaufunga. Singa alipandisha mkono kichwani taratibu, akaufunika utosi wake, kama vile ungeweza kusema. Buli aliokota vikombe alivyokwisha kuviosha, akaanza kuviosha tena.

Shemeji alingoja. Aliwatazama mmoja mmoja, akafika mlangoni, akamtazama Fundi Baridi. Mkononi Fundi alikuwa bado ameshika glasi yake. Ilikuwa nusu, na ilikuwa bado ya baridi.